Mtoto kachapwa fimbo nane mikononi, shule wanasema sheria inaruhusu. Ni kweli?

SWALI: Dada kamwene. Niko huku Mafinga, kijana wangu yuko darasa la sita shule ya serikali. Juzi kachelewa namba, ile ya kuhesabiwa asubuhi wakifika shule, na unaijua baridi ya huku mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka njia huioni na shule yenyewe mbali. Wakapangwa mstarini mwalimu wa zamu akawachapa mikononi, fimbo nane kila mtu. Karudi vidole vimevimba hata kijiko hawezi kushika, nikamlisha mwenyewe kama mtoto mchanga. Nimeenda kuuliza naambiwa viboko vipo kisheria. Baba yake nae anasema niache, mbona sisi tulichapwa tukakua, tena nikizidi kufuatilia mtoto ataandamwa. Nifanyeje?

JIBU: Kamwene mama, pole sana, na kijana mpe pole zangu.

Kwanza mpeleke hospitali leo hii, usisubiri uvimbe ushuke, vidole vina mifupa midogo inavunjika na kwa nje huoni kitu. Pitia polisi uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hapohapo ulizia Dawati la Jinsia na Watoto.

Sasa hiyo ya sheria. Ni kweli viboko bado vinaruhusiwa huku Tanzania bara, ila wamekwambia nusu tu. Kanuni za adhabu ya viboko, Tangazo la Serikali namba 294 la mwaka 2002, zinasema fimbo zisizidi nne. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na huyo mwalimu nae kila akitaka kuchapa lazima apate kibali cha mkuu kwanza. Tena iwe ni kosa kubwa la nidhamu, na waangalie umri na afya ya mtoto. Sasa niambie, mtoto katembea kwenye ukungu vidole vimekufa ganzi kwa baridi, hiyo afya nani aliiangalia? Na fimbo nane kwa kuchelewa namba zimetoka wapi?

Halafu kuna kitu wazazi wengi hawakijui kabisa. Kila adhabu ya viboko inatakiwa iandikwe kwenye kitabu, kosa, idadi ya fimbo, jina la aliyechapa, na mkuu wa shule asaini. Nenda kwa mkuu wa shule, ongea kwa heshima tu bila kufoka, mwambie naomba kuona ilivyoandikwa adhabu ya mwanangu ya siku ile. Kama haikuandikwa basi wao ndio wamevunja kanuni, na kama imeandikwa nane ndio kabisa. Asipokusikiliza peleka barua kamati ya shule, nakala kwa afisa elimu kata, na ubaki na kopi yako.

Mimi msimamo wangu siufichi, viboko viondoke kabisa mashuleni. Kenya walipiga marufuku tangu 2001 na watoto wao wanasoma. Najua mwalimu ana darasa limefurika na yuko peke yake, namuonea huruma kwakweli, ila mtoto hawezi kulipia hilo kwa vidole vyake. Sisi watu wa nyanda za juu tulitakiwa tuwe wa kwanza kusema, maana ile video ya 2016 ya mwanafunzi wa sekondari ya Mbeya Day anayepigwa na walimu wa mazoezi nchi nzima iliiona, tukalia, halafu 2019 mkuu wa mkoa wa Mbeya akachapa wanafunzi kule Chunya mbele za watu na wengi wetu tukapiga makofi!

Kuhusu kuandamwa, hofu yako ni ya kweli. Ndio maana usiende peke yako, tafuta wazazi wa wale wengine waliochapwa siku hiyohiyo, hapo hakuna mtoto atakayeonekana ndiye mshtaki. Baba yake nae muombe awepo. Na ukiona mwanao ameanza kuonewa andika tarehe na kilichofanyika, piga 116, ni simu ya bure ya msaada kwa watoto.