Dakika 20 na gitaa baa ya Kisumu

Ndugu yangu, umesema baa hapo Kisumu imekupa dakika 20 Ijumaa, wewe na gitaa tu, na unaogopa watu watapiga soga bila kukusikiliza. Watapiga, tena kwa sauti. Usiwanyamazishe. Fungua na wimbo wa benga, ule muziki wa gitaa wa Waluo, wanaoujua, vidole vikimbie kwenye nyuzi nyembamba. Kisumu gitaa hilo humfanya mtu aache samaki wake nusu. Nyimbo zako mwenyewe ziingize katikati, mbili zinatosha. Fika mapema ujaribu mitambo: maikrofoni ikitazama spika italia mluzi, kwa hiyo spika ziwe mbele yako. Beba uzi wa kwanza wa akiba, ule mwembamba kuliko wote, ndio hukatika. Malipo mkubaliane kabla ya kupanda, maana usiku wa manane meneja huyeyuka, sijui huenda wapi.