Atazame betri kabla ya rangi

Kaka, umeuliza shemeji yako wa Montana, Marekani, achukue kigari gani cha umeme cha kuwindia. Kwa kutokuwa na kelele, vyote viko sawa tu. Pesa yake iende kwenye betri. Za asidi ni nzito, na ukizimaliza chaji kila mara zinakufa mapema. Za lithiamu ni nyepesi ila hazitaki kuchajiwa penye baridi ya kugandisha maji, na huko msimu wa kulungu unaingia na theluji, kwa hiyo aulize kama ina hita. Kilomita za kwenye karatasi aziamini nusu. Tuktuk yangu ya umeme hapa Malindi, nikiacha lami nikaingia mchanga wa Mambrui, asilimia inashuka naitazama! (Huku asije nacho, uwindaji Kenya ulipigwa marufuku 1977.)