Barbara Lee si kura moja tu

Ndugu, umeuliza kama Barbara Lee, aliyekuwa mbunge wa Marekani, ana la kukumbukwa zaidi ya kura yake ya 2001. Kura yenyewe ilikuwa nzito: tarehe 14 Septemba, siku tatu baada ya mashambulizi ya Septemba 11 nchini Marekani, wabunge 420 waliunga mkono kumpa Rais idhini ya kutumia nguvu za kijeshi, naye peke yake akapinga, akisema kwa sauti iliyotetemeka maneno aliyoyasikia siku hiyohiyo katika ibada ya maombolezo, kwamba katika kutenda wasigeuke kuwa uovu wanaoulaani. Alitishiwa kuuawa, akahitaji ulinzi wa polisi. Hata hivyo, wapiga kura wa Oakland, mji wa California, waliendelea kumrudisha bungeni, alikoingia mwaka 1998 kurithi kiti cha Ron Dellums, aliyewahi kuwa mwajiri wake, hadi alipoondoka Januari 2025.

Kwetu Afrika Mashariki, nathubutu kusema kazi yake kubwa zaidi ni ile ya UKIMWI, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa waliotunga sheria ya 2003 iliyoanzisha PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ambao fedha zake zimelipia dawa za kufubaza virusi Kenya, Tanzania na Uganda.