Jibu kwa swali la tuzo za wapiga picha wa mazingira

Ndugu aliyefungua uzi anauliza kwa nini mpiga picha apewe tuzo ya uhifadhi wakati wanaouawa Virunga, mbuga ya gorila mashariki mwa Kongo, ni walinzi. Mimi naishi kwa kamera hapa Goma, mji ulio kando ya mbuga hiyo, na nasema apewe, ila si kila mpiga picha.

Mnakumbuka Julai 2007? Gorila wa milimani walipigwa risasi mbugani, akiwemo dume Senkwekwe. Brent Stirton wa Afrika Kusini akapiga ile picha ya wanaume wamembeba mabegani, amefungwa juu ya miti kama jeneza. Hawakuuawa kwa ajili ya nyama. Dunia ikauliza sababu, na uchunguzi ukaelekea kwenye biashara ya makala, yaani mkaa: miti ya mbuga inachomwa ili sisi wa mjini tupike. Kila asubuhi nayaona yakishuka kwa chukudu, baiskeli zetu za mbao za kusukuma, gunia juu ya gunia. Picha inayoibua swali kama hilo inastahili tuzo. Marekani, shirika la mazingira la Sierra Club lilianzisha tuzo ya Ansel Adams kwa kazi za namna hiyo mwaka 1971.

Halafu, tusiwatenge walinzi na wapiga picha. Ile picha ya 2019 iliyozunguka dunia nzima, gorila wawili yatima wamesimama wima nyuma ya mlinzi, alijipiga mlinzi mwenyewe, Mathieu Shamavu. Mmoja wa gorila wale alikuwa Ndakasi, aliyeokotwa akiwa mchanga mwaka uleule wa 2007, mama yake ameuawa.

Ukienda kwa gorila unapewa saa moja tu, na barakoa usoni, maana mafua yetu yanaweza kuwaua. Anayekufikisha ni mfuata nyayo: anashika kinyesi, anatazama jani lililotafunwa, anajua wamepita lini. Jina lake liandikwe chini ya picha. Hilo nalidai kabisa!

Na picha zirudi vijijini. Niliwahi kubandika zangu ukutani kando ya soko, barabara ya Rutshuru. Mama mmoja muuza makala akazitazama zote, akaniambia, "Wazuri kweli, baba. Sasa watoto wangu nitawapikia na nini?" Kura yangu nitampa mpiga picha atakayeweka gorila na mbabula, jiko la makala, ya mama yule katika kazi moja.