Maswali ya Wasomaji: Kufuata Ukoo wa Korona

SWALI: Mei 2021 tulitangaziwa kwamba korona aina ya Delta imeonekana hapa Kisumu, na Juni tukawekewa vikwazo. Baada ya matanga fulani watu wengi waliugua. Je, maabara inaweza kusoma jeni za kirusi ikajua ni nani aliyekileta? – Msomaji, Kondele

JIBU: La, na anayekuahidi hivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Jenomu ya korona, yaani jeni zake zote kwa pamoja, ina herufi za kikemikali zipatazo 29,900, na katika ukoo mmoja hubadilika herufi kama 2 kwa mwezi. Mtu humwambukiza mwenzake baada ya siku chache tu, kwa hiyo mara nyingi virusi vya hao wawili havipishani hata herufi moja. Nani alimtangulia nani? Jeni hazisemi.

Zinachoonyesha ni njia. Sampuli za Kisumu zikiwa na badiliko moja lisilopatikana kwingine, zikakaa tawi moja la mti wa ukoo, yaelekea kirusi kiliingia mara moja kikasambaa papa hapa. Zikitawanyika, hii karibu na za India, ile na za Uganda, kiliingia mara nyingi. Hata hivyo, jirani asiyesoma sampuli zake hukupotosha: utadhani tawi limechipuka kwako, kumbe limevuka mpaka. Tarehe nayo ni ile ya kuchukua sampuli puani, si ya kuipokea maabara. Zikichanganywa, hesabu ya umri wa tawi huharibika.

SWALI: Tunasoma jenomu kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili wa jeni) za seti iitwayo ARTIC, toleo la 3. Kwenye sampuli za Delta kipande cha 72 hakitoki, ingawa Ct (mizunguko ya kunakili jeni hadi kirusi kionekane; ikiwa ndogo, kirusi ni kingi) ni 22. Tunakosea wapi? – Fundi wa maabara, Nakuru

JIBU: Hamkosei. Toleo hilo hukata jenomu vipande 98 vya herufi kama 400, vya shufwa katika mrija mmoja na vya witiri katika mwingine. Praima ya kulia ya kipande cha 72 hutua mahali ambapo Delta imepoteza herufi 6, ikashindwa kushika vizuri. Toleo la 4 lilirekebisha hilo.

Hatari ni pengo lenyewe. Liandikeni N, yaani herufi isiyojulikana. Programu ikilijaza herufi za jenomu rejea ya Wuhan (ya kirusi cha mwanzo, inayotumiwa kulinganishia), Delta yenu itaonekana imerudi nyuma hapo, na mti utaota tawi la uongo.

Vipande vikikosekana ovyo ovyo, angalieni Ct kwanza: sampuli ya Ct 30 ina kirusi kama sehemu 1 kwa 1,000 ya ile ya Ct 20. Kisha ulizeni ilikaa wapi. Ikipita saa 72 kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 bila kuhamishiwa nyuzi 70 chini ya sifuri, RNA (kemikali iliyobeba jeni za kirusi) huwa imeanza kukatika. Na mrija wa maji matupu, unaowekwa kuhakiki usafi, ukitoa herufi za korona, msitume chochote cha siku hiyo.

SWALI: Sampuli ngapi zinatosha? – Afisa wa afya, Busia

JIBU: Kuona walau mara moja aina iliyo kwa mgonjwa 1 kati ya 100, kwa uhakika wa asilimia 95, someni kama 300 zilizochaguliwa bila upendeleo. Za madereva wa malori peke yao zitawaonyesha barabara kuu. Chukueni pia za zahanati za vijijini.