Kabla ya kuuliza umri wa mti, uliza bei ya jani bichi

Nimekulia Rungwe, kwenye shamba la chai la ekari moja na nusu. Baba alikuwa akipeleka majani mabichi kituoni, yanapimwa, anapewa risiti, kisha tunasubiri fedha mwezi mzima, pengine miwili. Kwa hiyo nilipoanza kuwaletea wateja wangu wa Dar es Salaam chai za Kichina, niliamini kwamba mimi, mtoto wa mkulima, siwezi kushiriki kumpunja mkulima mwingine. Nilishiriki.

Mzigo wangu wa kwanza niliununua katika duka moja la jumla Guangzhou. Ilikuwa chai ya Pu'er, ile inayoshindiliwa kuwa mabamba ya mviringo ya gramu 357, yakafungwa saba saba kwa maganda ya mwanzi. Karatasi iliandikwa Lao Banzhang, kijiji cha Yunnan ambacho chai yake ni miongoni mwa zilizo ghali kabisa mkoani humo. Bei niliyotajiwa ilikuwa rahisi mno. Nilishukuru Mungu, nikabeba.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mkulima wa mlima Jingmai, huko huko Yunnan. Nilimwonyesha bamba langu. Hakulionja. Aliuliza tu nimelipa kiasi gani, akachukua kalamu na kuandika tarakimu nyuma ya karatasi.

Hesabu yake ndiyo ninayoitumia hadi leo. Kilo moja ya chai kavu hutokana na takriban kilo nne hadi tano za majani mabichi, kwa kuwa maji karibu yote hupotea wakati wa kukaanga kwenye karai na kuanika juani. Tuseme jani bichi la wiki hiyo linauzwa yuani 50 kwa kilo. Basi majani peke yake ni yuani 200 hadi 250 kwa kila kilo ya chai kavu, na hujaweka kuni, hujaweka mtu anayesimama kwenye karai hadi usiku, hujaweka kushindilia, kufunga wala usafiri. Ukiuziwa kwa yuani 150, ama chai haikutoka pale inapodaiwa, ama kuna mtu hakulipwa. Bei yangu ya Guangzhou isingetosha kununua hata nusu ya majani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayekuuzia ni hili: wiki ile ya kuchuma, jani bichi lilikuwa bei gani, na mchumaji alilipwa kwa siku au kwa kilo? Kijijini bei hiyo si siri, kama ilivyo bei ya gunia la mahindi kwetu. Muuzaji anayefahamiana na wakulima atakujibu papo hapo. Asiyefahamiana nao ataanza kukusimulia habari za miti ya miaka elfu.

Na hii miti ya kale inahitaji neno. Misitu ya chai ya Jingmai iliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Wabulang wanaoishi pale husimulia kwamba mhenga wao, Pa Aileng, alikataa kuwarithisha ng'ombe kwa kuwa wangekufa, akakataa dhahabu kwa kuwa ingetumika ikaisha, akawaachia michai. Sasa wanunuzi tunafika na kudai miti ya kale tu, machipukizi ya kwanza tu. Tunapofanya hivyo tunamsukuma mtu adanganye, au auchume mti kupita kiasi. Mama yule huacha miti yake mikubwa ipumzike msimu wa mvua. Nilipoelewa hivyo, nilianza kununua pia chai ya miti michanga na ya vuno la majira ya kupukutika. Inampa fedha miezi ambayo wanunuzi wengine wameshaondoka, na ni tamu, hasa kwa anayeanza.

Longjing, chai ya kijani ya Hangzhou, mashariki mwa China, ina shinikizo la aina yake: kila mtu anataka iliyochumwa kabla ya Qingming, sikukuu ya Kichina ya kuzuru makaburi, tarehe 4 au 5 Aprili. Wachumaji wengi ni wanawake wa makamo wanaotoka mikoa ya jirani, kama Jiangxi, kwa wiki chache hizo. Uliza wanalala wapi na nani anawalisha. Mimi huagiza ya baada ya Qingming, yenye majani makubwa kidogo na bei inayobebeka.

Vyeti vya kilimo hai ni vizuri, ila gharama yake huwashinda wenye mashamba madogo. Ninachodai ni kipimo cha maabara cha mabaki ya viuatilifu, na gharama naigawana na mkulima.

La mwisho ni malipo. Ninatanguliza nusu kabla ya kuchuma, salio siku chai inapopimwa. Tukishakubaliana bei, sirudi tena kuipunguza, hata nikisikia soko limeshuka. Mwaka mmoja ukame ulichelewesha machipukizi, nikapata kilo 11 badala ya 20. Mama alitaka kunirudishia tofauti ya fedha. Nilimwomba aihesabu kuwa malipo ya vuno linalofuata, nikarudi Dar es Salaam kuwaeleza wateja kwa nini rafu iko nusu tupu.