Msako wa historia ya maigizo London: swali ambalo simu haiwezi kulijibu

Mleta mada, umesema una wanafunzi 24 wa miaka kama 14 hivi, siku moja nzima ya kuzunguka London, na unataka wasake historia ya majumba ya maigizo kwa makundi. Hofu yako ni kwamba watapiga picha mbili tatu, wajaze karatasi, basi. Hofu hiyo ina msingi. Zoezi hili nimelipitia mara mbili, mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi na ya pili nikiwa mwandaaji, na ile ya kwanza ilikuwa aibu tupu.

Tulipewa karatasi yenye maswali 12. Jumba hili lilijengwa mwaka gani? Mmiliki wa kwanza alikuwa nani? Lina viti vingapi? Kundi letu lilikaa kwenye benchi kando ya Mto Thames, mmoja akashika simu, mwingine kalamu, na kabla saa haijaisha tulikuwa tumemaliza yote. Tukashinda. Wenzetu waliorudi mwisho, miguu imewavimba, ndio waliokuwa wameyaona hayo majumba kwa macho yao, na wakapata alama chache kuliko sisi ambao hata daraja hatukuvuka.

Zamu yangu ilipofika nikajiwekea sharti moja: swali lolote ambalo simu inaweza kulijibu halina nafasi kwenye karatasi. Mwaka wa kujengwa, jina la mjenzi, vyote hivyo niliviandika mwenyewe pale juu, bure. Kilichobaki ni kile ambacho mtu hawezi kukipata mpaka afike, asimame, ainame, ahesabu.

Tulianzia Southwark, upande wa kusini wa mto. Jumba la Globe linaloonekana leo lilifunguliwa 1997, matunda ya miaka mingi ya kazi ya mwigizaji Mmarekani Sam Wanamaker, ambaye alifariki 1993 bila kuliona limekamilika. Lile la awali, la enzi za mwandishi Shakespeare, lilisimama mtaa wa nyuma, Park Street, mita kama 230 kutoka hapo. Swali la kwanza: hesabuni hatua kutoka jipya mpaka la zamani. Kila kundi likaja na idadi yake, na hakuna zilizolingana, maana vichochoro vya pale havinyooki na kila mtu ana urefu wake wa mguu. Wakabishana vizuri sana. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu ubishi ule ndio niliokuwa nautaka: ndani yake likatoka swali ambalo sikuwa nimeliandika. Kwa nini hawakulijenga palepale?

Jibu liko chini ya miguu. Mwaka 1989 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta sehemu ya msingi wa Globe ya zamani, lakini sehemu kubwa iko chini ya Anchor Terrace, safu ya nyumba kongwe zinazolindwa na sheria. Kwenye uwanja wa nyuma wa nyumba hizo kuna mstari uliopinda, umetengenezwa kwa mawe ya rangi tofauti, unaoonyesha ukuta ulipopita. Ukiwa na haraka unaupita bila kuuona. Msichana mmoja, mkimya ambaye asubuhi nzima hakuwa amesema neno, alianza kuufuata mstari kwa ncha ya kiatu, polepole, mguu mbele ya mguu, mpaka ukafika ukutani ukazama. Akageuka akasema, "Mwalimu, unaingia ndani ya nyumba ya watu." Ndivyo ilivyo. Kuna watu wanaoishi juu ya Globe. Darasa zima likaenda kuufuata ule mstari mmoja mmoja, na nadhani tulipoteza dakika 20 pale. Sikujuta hata moja.

Usiache kuwasimulia mbao zilivyofika hapo. James Burbage alijenga jumba lake Shoreditch, kaskazini ya mji, mwaka 1576, akaliita The Theatre, yaani jumba lenyewe bila jina jingine. Ardhi ilikuwa ya kupanga. Mkataba ulipoisha na mwenye kiwanja akawa mgumu, kampuni ya waigizaji, wana wa Burbage wakiwemo, walilibomoa jengo siku za Krismasi mwaka 1598, na mbao zake zikaja kutumika kujenga Globe, ng'ambo ya mto, 1599. Niliwapa kama fumbo: "Jumba hili liliwahi kuvuka mto. Lilivukaje?" Kundi moja lilichora jengo zima juu ya mtumbwi, watu wamekaa vitini. Nimeitunza ile karatasi.

Swali jingine lililofanya kazi lilihusu paa. Juni 1613, katikati ya onyesho, mzinga ulipigwa kwa ajili ya mbwembwe, cheche zikashika nyasi za paa na jumba likateketea. Barua ya wakati ule inasema watu walitoka salama, isipokuwa bwana mmoja ambaye suruali yake ilishika moto, ukazimwa kwa chupa ya pombe. (Hiyo pombe wataikumbuka kuliko kitu kingine chochote utakachowaambia siku hiyo, jiandae.) Globe ya leo nayo imeezekwa kwa nyasi, kitu ambacho London haikuwa imeruhusu tangu ule Moto Mkuu wa 1666. Basi ukiwaambia watazame juu ya paa watafute kilichoongezwa, wenye macho makali wataona vijibomba vya kurushia maji vimejipanga kwenye mgongo wa paa.

Ukumbi wa Rose uko jirani hapo hapo. Philip Henslowe aliujenga 1587, misingi yake ikafukuliwa 1989 wakati jengo la ofisi likitaka kusimamishwa. Waigizaji na wananchi wakapiga kelele, na mwisho ofisi zikajengwa juu yake huku mabaki yakifunikwa kwa maji ili udongo usikauke ukapasuka. Taa nyekundu zinachora umbo la ukumbi gizani. Hapa nikupe onyo moja la jumla: piga simu mapema kila mahali unapotaka kuingia ndani. Kuna sehemu moja tuliikuta imefungwa, kosa langu mwenyewe, na watoto 20 na kitu wamesimama mbele ya mlango uliofungwa ni jambo la kumwombea adui yako.

Sasa nije kwenye kituo ambacho kwangu kilibeba siku nzima. Panda kuelekea Waterloo mpaka jumba la Old Vic. Lilifunguliwa 1818 likiitwa Royal Coburg. Mwaka 1825 kijana mweusi kutoka New York, Ira Aldridge, hata miaka 20 hajafika, alisimama kwenye jukwaa hilo kama mwigizaji. Jukwaa hilo lakini halikuwa sawa na mengine. Tangu enzi za Mfalme Charles wa Pili, haki ya kuonyesha tamthilia za mazungumzo bila nyimbo mjini ilikuwa ya majumba machache yenye hati ya kifalme, Drury Lane na Covent Garden yakiwa vinara. Majumba mengine yalilazimika kuchomeka nyimbo na ngoma ili yasikamatwe, na hali hiyo ikaendelea mpaka sheria ya 1843. Kwa hiyo Coburg lilikuwa upande wa pili wa mto na upande wa pili wa sheria.

Machi 1833 Edmund Kean, mwigizaji aliyekuwa gumzo la nchi, alianguka jukwaani Covent Garden akiigiza Othello, shujaa mweusi wa tamthilia ya Shakespeare. Aprili wakamwita Aldridge achukue nafasi hiyo. Watazamaji walimshangilia. Baadhi ya magazeti yalimtukana kwa rangi yake, na baada ya maonyesho mawili kazi yake pale ikakoma. Akaenda kuzunguka miji ya mikoani, kisha Ulaya, ambako alipewa heshima kubwa na nishani, na alifia Łódź, Poland, mwaka 1867.

Niliwasimamisha mbele ya Old Vic nikawaambia kitu kimoja tu: wekeni saa, tembeeni mpaka Covent Garden kupitia Daraja la Waterloo, mniambie imewachukua muda gani. Daraja la kwanza mahali hapo lilifunguliwa 1817, kwa hiyo hata yeye angeweza kupita njia hiyo hiyo. Walifika wakihema, chini ya nusu saa. Ndipo nikawauliza: Aldridge ilimchukua muda gani? Kukawa kimya, watu wanahesabu kwa vidole. Kutoka 1825 mpaka 1833. Miaka minane. Kijana mmoja, mtundu kweli, aliyekuwa akinisumbua tangu kwenye treni, akasema, "Na mlango alioingilia ulikuwa wa mtu aliyeanguka." Sikuongeza neno.

Ukiwa Covent Garden usiwatoe bila kuwapeleka kwenye ukumbi wa nguzo wa kanisa la St Paul's, lile lililochorwa na msanifu Inigo Jones, ambalo wenyewe huliita kanisa la waigizaji. Ukutani pamechongwa maandishi kwamba karibu na hapo Samuel Pepys, mwandishi wa shajara, aliona onyesho la vikaragosi vya Punch mwaka 1662. Wengi hupiga picha wasanii wa mitaani wakiwa wameupa mgongo ukuta huo. Hapa swali langu lilikuwa jepesi: msanii wa leo amesimama wapi ukilinganisha na maandishi? Mara nyingi jibu ni hatua chache tu.

Drury Lane ni hapo pembeni. Jengo la sasa ni la 1812 na ni la nne kwenye kiwanja hicho. La kwanza lilifunguliwa 1663, miaka mitatu baada ya wanawake kuanza kuruhusiwa kuigiza kwenye majukwaa ya Uingereza. Savoy, kule Strand, tulilipitia kwa haraka. Lilifunguliwa 1881 na ndilo jengo la kwanza la umma kuwashwa lote kwa umeme, na mwenye jumba, Richard D'Oyly Carte, aliivunja balbu inayowaka mbele ya watazamaji ili kuwatoa hofu ya moto. Waambie waigize tukio hilo. Mtoto aliyeshika chupa tupu ya maji kama balbu alipigiwa makofi na wapita njia.

Kazi nyingine ninayoipenda: tafuteni mlango wa waigizaji. Hauko mbele kwenye taa na mabango, uko nyuma au ubavuni, mara nyingi mdogo kama wa stoo. Kwenye jumba moja mzee wa mlangoni aliwaambia kwamba usiku watu wote wakiondoka, taa moja huachwa inawaka katikati ya jukwaa. Wengine husema ni ya mizimu. Yeye alisema ni ya mtu atakayeingia asubuhi asije akatumbukia shimoni.

Mambo ya mpangilio, kwa kifupi. Makundi ya watu wanne, mtu mzima mmoja asiwe na makundi zaidi ya mawili, simu moja kwa kundi, na hiyo iwe ya ramani na dharura. Yaanzie vituo tofauti, la sivyo yatafuatana kama siafu na majibu yatavuja. Shoreditch iache kwa siku nyingine, ni mbali na hivi vingine, na nguvu zitaisha. Vituo sita vinatosha. Mimi niliweka tisa na vitatu vya mwisho hakuna aliyevikumbuka.

Umeuliza pia kuhusu zawadi. Baada ya ushindi wangu wa kwenye benchi sina hamu na zawadi za kasi. Kundi lililopata alama nyingi nililipa kazi ya kutunga swali la mwisho kwa darasa la mwaka unaofuata. Wakaandika hivi: "Simama pale mstari wa mawe unapozama ukutani. Wewe ni mwigizaji au mtazamaji?" Jibu lao, lililoambatanishwa kwenye karatasi iliyokunjwa: mtazamaji, kwa sababu mstari ni ukuta wa nje, na ukutani ndiko kulikokuwa na maghorofa ya watu waliolipa zaidi ili wasisimame.